Mgawo wa Kaseti za Gody

Ndugu za marehemu Gody walizoa kaseti zote za gemu, wakamwachia mjane mashine tupu. Mashine ya gemu isiyo na kaseti ni sufuria isiyo na unga. Utaiosha, utaipanga juu ya meza, lakini hakuna mtu atakayeketi mbele yake, achilia mbali kulipa.

Mjane mwenyewe alikuwa Adventina. Masatu, kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa akilifungua banda la gemu asubuhi na kulifunga jioni tangu Gody alipoanza kuugua. Banda lilikuwa Nyakato, pale Musoma, na ndani yake kulikuwa na tivii nne za chogo, mashine nne za kijivu za zamani, zile za kuchomeka kaseti juu, na mabenchi yaliyokuwa yamelainika kwa kukaliwa. Adventina na watoto wake wawili walikula kutokana na banda hilo. Hawakuwa na shamba wala mtumbwi.

Aliyekuja kuzichukua kaseti alikuwa Robert, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa ofisini kutoka Bunda. Alifika na gari la kukodi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Adventina, kwa heshima ya shemeji, akampikia sato. Masatu alikaa pembeni akimtazama anavyokula. Robert alimmaliza samaki mzima, akamnyonya macho, akaingia kwenye kichwa na kukifyonza mfupa kwa mfupa kwa sauti ya maji yanayoishia kwenye karo. Alipomaliza alijifuta vidole kwenye pazia la mlango. Kitambaa kilikuwa mezani, mbele yake kabisa.

"Shemeji," Robert akamwambia Masatu huku akijichokonoa meno, "ukoo wetu una utaratibu. Kilichoshikwa na mkono wa marehemu kinarudi nyumbani Butiama, kinagawanywa."

"Hata mswaki?" Masatu akauliza.

"Usifanye utani na msiba."

Mashine na tivii zilipona kwa sababu ya akina mama. Adventina alikuwa amezipata kwa mkopo wa kikundi chao, na wenzake walipopata habari walikuja wakasimama mlangoni, wanawake kumi na kitu wenye vitenge viunoni. Mwenyekiti wao akasema vitu hivyo bado ni vya kikundi, na anayetaka kuvibeba avibebe pamoja na wao. Robert akawatazama, akatazama gari lake dogo, akaamua kuchukua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ya sanduku hilo Gody aliweka kaseti zake. Zilikuwa nane.

Mtu ambaye hakuwahi kukaa kwa Gody angedhani kaseti ni kaseti. Mabanda mengine ya Nyakato yalikuwa na mashine mpya zenye gemu za mpira, na vijana walikwenda huko. Kwa Gody walikuja watu wazima: wavuvi waliotoka ziwani, waendesha bodaboda, mafundi viatu, baba watu waliocheza mashine hizo utotoni na hawakuzisahau. Na hao hawakuja kucheza kila kaseti. Walikuja kwa nne.

Ya kwanza waliiita Vifaru. Watu wawili wanalinda ngome moja ya matofali, vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, na mwenzako akikosea risasi anaivunja ngome yenu wenyewe. Urafiki mwingi wa Nyakato ulivunjika hapo na kuungwa hapo hapo. Ya pili ilikuwa Makomandoo, wanaume wawili vifua wazi wanakimbia msituni wakipiga risasi, hakuna hadithi, hakuna maneno, kukimbia tu na kufa. Kulikuwa na Vichwa Vikubwa, mpira wa wachezaji wanene wanaopigana mateke bila refa kuona. Na kulikuwa na Matofali, ambayo akina mama wa sokoni waliicheza wakiwa wamesimama na beseni kichwani, wakipanga vitofali vinavyodondoka mpaka mteja wao wa nyanya aje kuwaita.

Nne hizo zilikuwa chakavu. Moja ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, nyingine hazikuwa na karatasi ya jina. Masatu ndiye aliyezitunza, na kazi hiyo ilimtia kinyaa kuliko kupaa samaki. Kila mchezaji wa mashine hizo anaamini kwamba kaseti ikigoma, dawa yake ni kuipuliza kwa mdomo. Anaichomoa, anaibandika midomoni kama hindi la kuchoma, anapuliza. Kinachoingia humo si upepo. Ni mate, ni harufu ya dagaa, ni chembe za mihogo. Baada ya muda meno ya shaba ya ndani ya kaseti yanaota ukijani. Tena kuna wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi na kufuata mwanga wa tivii. Wanaingia kwenye tundu la kaseti, wanafia humo, wanageuka uji mweusi. Masatu alikaa kila jioni na pamba na spiriti, akisugua mate ya watu aliowajua kwa majina.

Nne nyingine zilikuwa takataka. Kulikuwa na moja ya rangi ya dhahabu, kubwa, iliyoandikwa gemu 9999. Ndani yake zilikuwa saba tu, zinabadilishwa rangi na kurudiwa mpaka mtu achoke kuhesabu. Kulikuwa na ya gofu ambayo hakuna aliyejua nani ameshinda, ya karata za Kijapani, na ya kuvua samaki. Hiyo ya samaki wavuvi waliicheza mara moja wakaicheka hadi machozi.

"Huyu sato gani ana masharubu?" mmoja aliuliza.

"Si sato, ni kambare wa Wajapani."

"Amemeza ndoano bila chambo. Hata furu hawezi kuwa mjinga hivyo."

Hata hivyo Gody alizihifadhi zote pamoja, kwa sababu alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Sasa zote nane zilikuwa Butiama, kwenye boma la mzee Magesa, baba mdogo wa marehemu, zikisubiri siku ya kuondoa msiba.

Siku hiyo Masatu alikwenda na dada yake. Walipofika alitamani kurudi. Msiba ulikuwa umegeuka kilabu. Ng'ombe alikuwa amechinjwa, na uani mifupa ilitapakaa kana kwamba fisi walialikwa. Nzi walitembea juu ya midomo ya wazee waliolala chali, na wazee hawakushtuka. Mapipa ya pombe yalikuwa yakitoa povu kwenye kivuli. Mwanamume mmoja alitapika kando ya ukuta, akaja mbwa akala, mwanamume akamtazama mbwa na kucheka. Masatu aliletewa bakuli la nyama yenye mchuzi mchungu wa utumbo, akala mnofu mmoja na kusema ameshiba.

"Mkwe halagi?" akauliza mzee Magesa.

"Nimekula nyumbani, mzee."

"Hao watu wa ziwani," mzee akawaambia wenzake. "Ukiwapa kitu kisicho na magamba wanadhani ni sumu."

Watu wakacheka. Masatu akatabasamu kwa meno tu. Alikuwa mkwe pale, na mkwe hana sauti. Hata choo cha boma hakuruhusiwa kukikaribia. Wakwe walionyeshwa choo cha jirani, ng'ambo ya njia, kwa sababu katika ukoo ule mkwe haingii mahali ambapo wazazi wa upande wa pili hujisitiri. Masatu aliona upuuzi, lakini alikwenda kwa jirani kama alivyoelekezwa.

Kabla ya mgawo alimvuta Adventina pembeni ya ghala.

"Hizi kaseti ni zako," alimwambia. "Nenda hata kwa mtendaji. Hakuna sheria inayompa Robert chakula cha watoto wako."

"Usiwagombeze, kaka. Watoto wangu wanaitwa kwa ukoo huu."

"Ukoo gani? Huu unaokula matapishi?"

"Aliyekula ni mbwa," Adventina akasema. "Nimekuomba. Kaa kimya, niache nivuke siku hii."

Ngozi ya ng'ombe aliyechinjiwa marehemu ikatandikwa uani, na vitu vya marehemu vikapangwa juu yake. Makoti, viatu, redio, panga, mkanda wa suruali, na mwisho sanduku la bati. Robert ndiye aliyezitoa kaseti. Vidole vyake vilikuwa bado vinang'aa kwa mafuta ya nyama, na kila kaseti aliyoishika ilibaki na alama. Masatu aliwaza pamba itakayohitajika.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mkubwa anachukua kwanza kilicho bora, anayemfuata anachukua kinachofuata, na mjane anachukua mwisho kile kilichobaki. Makoti yalikwenda haraka, na redio pia. Zilipofika kaseti, wazee wakasita.

"Ng'ombe tunamjua," mzee Magesa akasema. "Tunamtazama pembe, tunamtazama kiwele. Hivi vitu mimi sivijui. Mkwe, wewe umekaa navyo. Simama utuambie, ipi fahali, ipi ndama."

Masatu hakutegemea. Alisimama akawatazama watu wale mmoja mmoja: Robert na vidole vyake, mzee Magesa mwenye mfupa shavuni, wajomba waliokwisha kuvaa makoti ya Gody kwenye jua kali. Akamtazama na dada yake aliyekaa mwisho kabisa na kichwa chini. Ndipo akaona njia nyeupe kabisa mbele yake. Kama mjane anapewa mabaki, basi kilicho bora kiitwe mabaki.

Akaiinua kaseti ya dhahabu.

"Hii ndiyo fahali," akasema. "Ina gemu elfu tisa mia tisa tisini na tisa."

Uani kukavuma. Robert akainyakua, akasoma, akatingisha kichwa. "Ni kweli. Imeandikwa hapa."

"Hii ya gofu inachezwa na matajiri. Hii ya maandishi ya Kijapani huwezi kuipata tena, hata uende wapi. Na hii ni ya samaki, ukiiwasha unavua bila kulowana."

"Hizo nyingine?" mzee akauliza, akionyesha zile nne kwa ncha ya fimbo.

Masatu akazitazama. Vifaru, Makomandoo, Vichwa Vikubwa, Matofali. Akakunja pua.

"Hizo zimechoka, mzee. Zimepulizwa mate na kila mlevi wa Musoma. Watu walikuwaga wanazicheza wakikosa za kucheza."

"Umesema mbele ya ngozi ya marehemu."

"Nimesema."

Ilikuwa raha kuwatazama wanavyogombania uchafu. Shangazi Wankyo, dada mkubwa wa baba yake marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akachukua ile ya dhahabu na kuifunga kwenye pembe ya kanga. Mzee Magesa akachukua ya samaki. Robert na mjomba mmoja wakabishana juu ya ile ya gofu hadi wakatukanana, mjomba akaishia na karata za Kijapani.

"Hii inatumia betri ngapi?" mjomba akauliza.

"Ijaribu kwenye redio," mwenzake akamshauri. "Si ina tundu?"

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mashine ya kuzichomekea. Masatu alijisikia amewashika koo watu wote wale kwa mkono mmoja. Zilibaki nne juu ya ngozi, na alianza kuhesabu moyoni ni saa ngapi watafika Nyakato.

Hapo shangazi Wankyo akasimama. Alikuwa mama mnene mwenye miguu iliyovimba, na kusimama kwake kulichukua muda. Alikwenda mpaka kwenye ngozi, akainama, akaiokota Vifaru kwa jani la mgomba kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Akaugeuza ule mpira wa baiskeli, akaona ukijani, akanusa. Uso ukamkunjamana.

"Hivi ndivyo vitu tunavyompa mke wa mtoto wetu?" akauliza.

Akairudisha juu ya ngozi.

"Mwanamke huyu alimuogesha Gody mpaka mwisho. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta na haja zake. Mimi mwenyewe nilikwenda Nyakato nikala sato, nikaondoka. Magesa, wewe ulikwenda?"

"Nilikuwa na mgongo."

"Ulikuwa na mgongo. Leo tumpe vitu vilivyotemewa mate na walevi, arudi navyo kwao Majita, waseme sisi ni watu gani?"

Akafungua pembe ya kanga, akatoa ile kaseti ya dhahabu, akatembea polepole mpaka alipokaa Adventina. Akaiweka kwenye mapaja yake.

"Chukua, mwanangu. Fahali ni yako."

Vigelegele vikapigwa. Adventina akafunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika. Wazee wakawa wanapeana mikono, kila mmoja akijiona mwema. Watu ambao Masatu alikuwa amewadharau tangu asubuhi walikuwa wamefanya jambo moja la utu, na jambo hilo lilikuwa linamnyang'anya dada yake chakula.

"Mama, usijisumbue," akasema kwa haraka. "Hiyo ni kubwa mno kwake. Hizi nne zinamtosha kabisa."

"Mnamsikia mkwe?" shangazi akasema. "Ana adabu."

"Siyo adabu. Nasema kweli, hizi hizi mbovu ndizo anazozitaka."

"Mkwe mzuri anakataaga mara ya kwanza," mzee Magesa akawaeleza vijana. "Mjifunze hapo."

"Mzee, naomba nizichukue hizi nne. Nakuomba."

"Na mara ya pili anakataa," mzee akasema, na wengine wakacheka kwa kuridhika. Kadiri Masatu alivyobisha ndivyo walivyomsifu. Mtu mmoja akamletea kibuyu cha pombe kwa heshima. Alikipokea, akaona ukingoni kuna alama za midomo ya watu na unga uliogandia, akashindwa kunywa na kushindwa kukirudisha.

Katika kushikilia kibuyu kile hakumwona Robert. Alipogeuka, ngozi ilikuwa tupu.

"Ziko wapi?"

"Kitu cha marehemu kisicho na mwenyewe hakilali uani," mzee akasema. "Tunakitupa mahali ambapo hakuna atakayekiruka. Robert amekwenda nazo."

"Wapi?"

Mzee akaelekeza kwa kidevu, nyuma ya nyumba kubwa, kwenye kibanda cha miti na majani makavu ya migomba. Masatu akaweka kibuyu chini, akatembea, halafu akakimbia. Alikutana na Robert anatoka, akikung'uta kiroba kitupu.

"Umezifanya nini?"

"Nimewatolea takataka, shemeji. Usinishukuru."

"Zote?"

"Ya mwisho ilikwama kidogo kwenye tundu, nikaisukuma kwa mti." Robert akamshika bega kwa mkono wake wa mafuta, akaendelea na safari yake.

Masatu alibaki mbele ya choo cha wakwe zake. Alijua hatakiwi kusimama pale. Alijua pia kwamba Vifaru ilikuwa pale chini, na Makomandoo, na kwamba dada yake angefungua banda na ile ya dhahabu na wateja wangeondoka mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mvuvi miaka yote kabla ya banda. Akachukua mti mrefu wa kuangulia maparachichi uliokuwa umeegeshwa ukutani, wenye ndoano ya waya kwenye ncha, akaingia.

Shimo lilikuwa limejaa zaidi ya alivyotegemea. Msiba wote ulikuwa umepita pale. Joto lilimpiga usoni likiwa na uzito, na nzi wa kijani wakapanda wote kwa pamoja, wakamwingia masikioni. Magogo ya sakafu yalikuwa yanateleza. Alipiga magoti, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, akaingiza uso kwenye tundu ili aone. Chini palikuwa panatembea. Kaseti tatu hazikuonekana kabisa. Moja tu ilikuwa imelala ubavu juu ya funza, ile yenye mpira wa baiskeli. Akaingiza ndoano. Ikateleza. Akaingiza tena, akaunasa ule mpira, akavuta taratibu kama anayevuta sangara mkubwa kwenye kamba nyembamba, huku akitapika ule mnofu mmoja alioula.

Aliipata. Alikuwa ameishika kwa mkono mtupu, ikimchuruzikia hadi kwenye kiwiko, mwanga ulipofunguka nyuma yake na mwanamke akapiga ukelele.

Walikuja wote. Walisimama nusu duara, wajomba na makoti yao, na hakuna aliyesogea karibu. Masatu alitoka na kaseti mkononi.

"Mkwe," mzee Magesa akasema kwa sauti ya chini, "umeingiza kichwa kwenye choo changu?"

"Nilidanganya, mzee. Hizi mbovu ndizo nzuri. Ile ya dhahabu ni uchafu, na zenu zote ni uchafu. Nilisema vile ili dada yangu abaki na hizi."



"Ulisema uongo mbele ya ngozi ya mtoto wetu," mzee akasema. "Halafu ukachungulia mahali tunapojisitiri mimi na dada yangu. Kwa ajili ya gemu."

"Kwa ajili ya watoto wa Gody."

"Ungetuambia hivyo," shangazi Wankyo akasema. "Ungesimama ukasema, mama, hizi ndizo zinazowalisha watoto. Ulidhani tungekataa?"

Masatu alidhani hivyo. Hata pale alipokuwa amesimama, akiwatazama mafuta ya nyama videvuni, bado alidhani wangekataa. Lakini hakuwa na namna ya kujua tena.

Wazee walikaa kando wakaamua. Choo kile kisingetumika tena na mtu wa boma. Kingefukiwa, na aliyekivunjia heshima yake angechimba kingine kwa mikono yake. Angeleta na kondoo wa kusafisha boma. Walisema bila kelele, na Robert hakuinua macho.

Walisimama kwenye kisima cha njiani. Masatu alikuwa akijisugua kwa mchanga na majani, na harufu ilikuwa haitoki.

"Ulijua?" akamuuliza dada yake. "Ulijua ile ya dhahabu haina kitu. Kwa nini hukusema?"

"Nilimwona Robert anapita na kiroba. Nilijua anakwenda wapi."

"Ukanyamaza?"

"Kaseti zinatafutika, kaka. Mwanza ziko, Kahama ziko. Yule mama tangu nimeolewa hajawahi kuniita mwanangu. Leo ameniita mbele ya watu wote. Nikasema acha ziende." Alikuwa na mikono mitupu. Ile ya dhahabu alikuwa amemrudishia shangazi mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa sababu alipewa juu ya uongo. "Wewe ukaenda kuivua ile heshima yangu chooni."

Akachukua mkoba wake, akatangulia.

Vifaru haikuwaka. Masatu aliifungua, akaiosha kwa spiriti, akaianika, akaisugua kila jino la shaba. Tivii ilionyesha mistari ya kijivu tu. Alizitafuta nyingine Mwanza na kwa watu wa Kahama. Zile alizozipata zote zilikuwa za dhahabu, zimeandikwa 9999. Wavuvi walikuja banda likiwa wazi, wakakaa, wakauliza Makomandoo iko wapi, wakainuka. Walipopata habari ilipo, wengine hawakutaka tena kushika mashine yoyote pale ndani, hata zilizokuwa safi. Walitazama mikono ya Masatu.

Alikwenda Butiama akachimba. Ardhi ya kule ina mawe, na hakuna aliyemletea maji. Mzee Magesa alikuwa akipita na kwenda zake.

Hiki ndicho kilichokwenda. Kaseti nne, na nne nyingine zilizo kwenye makabati ya watu wasio na mashine. Kondoo mmoja dume, mweupe. Shimo moja lililofukiwa na shimo moja lililochimbwa. Mashine nne na tivii nne zilizorudi kwa akina mama wa kikundi. Banda moja, ambalo sasa linauza mkaa, na mwenye mkaa si wao. Watoto wawili waliopelekwa kwa bibi yao Majita. Neno moja, mwanangu, ambalo shangazi Wankyo hajalitamka tena. Na dada mmoja anayefua nguo za watu Nyakato, ambaye kaka yake akibisha hodi anamwekea chakula mlangoni, kwenye sahani ya peke yake.